BUTEMBO MPAKA BENI: HESABU MASAA, USIHESABU KILOMETA TU



Mwezi uliopita nilikuwa nikipanga dawa kwenye makabati ya dispensari yetu. Kapita mmoja wa timu ya usiku akaingia, akakaa kwenye benchi. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Akaniuliza: «Munganga, ndege ikitoka Butembo kwenda Beni inachukua dakika ngapi?» Nikamjibu: «Papa, kwani umeshinda bahati nasibu?» Akacheka. Kisha akasema bibi yake ana mimba ya miezi minane, mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na yeye alikuwa akipiga hesabu usiku kucha. Hapo mimi sikucheka tena. Niliketi naye tukapiga hesabu ile pamoja. Leo nawaletea hesabu hiyo, maana kila nyumba ya kambi hii itaihitaji siku moja.

Tuanze na kilometa. Kwa barabara, kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Ndiyo hesabu iliyoandikwa katika mpango wa barabara uliozinduliwa Juni 2021 kati ya nchi yetu na Uganda: Kasindi mpaka Beni kilometa 80, Beni mpaka Butembo 54, Bunagana mpaka Goma kwa njia ya Rutshuru 89, jumla 223. Kwa mstari ulionyooka, kama kunguru anavyoruka, Butembo na Beni zimeachana kilometa 45 hivi. Ndege ndogo inayokwenda kilometa 300 kwa saa hupita kilometa 5 kila dakika. Gawanya mwenyewe: dakika 9.

Dakika 9! Hata chai haijapoa. Kapita alifurahi sana kusikia hesabu hiyo.

Lakini nikamwambia: papa, hiyo ni hesabu ya kunguru. Kunguru hangojei mtu wa kumpimia mizigo. Wewe sharti kwanza utoke kambini mpaka mjini, kisha uende uwanja wa Rughenda, umngoje rubani, mvua ikatike na ndege ijae. Ukishuka Beni hujafika bado hospitali, kwa maana uwanja wa Mavivi uko kilometa kama 10 kaskazini ya mji, kwenye njia ya Oicha. Basi utapanda gari tena kurudi mjini. Dakika 9 zako zimekuwa nusu siku. Kwa safari fupi namna hii gari linashinda ndege, hata gari bovu.

Na gari nalo halina hesabu moja. Butembo iko juu mlimani, zaidi ya meta 1,700. Beni iko chini, upande wa msitu. Kati yao kuna Maboya, kuna Kabasha, kuna milima na kona. Siku ya jua mimi nimekwenda kwa saa moja na nusu. Siku ya mvua nimekwenda kwa masaa manne, nusu yake tukisukuma. Ni kilometa zilezile 54. Kwa sababu hiyo, ukimwuliza mtu «ni mbali gani?», usikubali akujibu kwa kilometa. Mwulize masaa, na umwulize pia ni masaa ya leo au ya kiangazi.

Sasa nitawaeleza kwa nini ninasema hivi kwa nguvu. Ni jambo la aibu yangu, lakini gazeti hili ni la kwetu, tunaweza kusemezana.

Mwaka 2022 nilikuwa na kazi hiihii ya kutunza wagonjwa wa shimoni. Siku moja, saa 4 ya asubuhi, jiwe lilimwangukia kijana mmoja kwenye mguu chini ya goti. Mfupa ulivunjika. Wenzake walimtoa vizuri sana, nilimfunga mguu kwa mbao mbili, tukampakia kwenye gari. Saa 7 mchana tulikuwa Butembo. Masaa 3 yalikuwa yamepita. Katika hospitali moja ndogo walimsafisha, wakamwekea serumu, wakasema anahitaji mpasuaji wa mifupa. Ndugu zake wakasema: «Apelekwe Goma.» Wakati huo ndege zilitoka Beni kwenda Goma. Kwa mstari ulionyooka ni kilometa 245 hivi, ndege ndogo inaziruka kwa dakika 50. Wakanitazama mimi. Na mimi, mwenye blauzi nyeupe, nikasema: «Ndiyo, ni dakika 50 tu. Tungojee ndege.»

Sikilizeni yaliyofuata. Jioni ilifika, na hakuna dereva anayekubali kupita barabara ile usiku. Tulilala Butembo. Saa 12 na nusu ya asubuhi tukaondoka. Tulifika Mavivi saa 3 na nusu. Ndege ilikuwa bado Goma, mawingu yameshuka. Tuliketi chini ya mti, mgonjwa juu ya godoro. Ndege ilitua saa 8 mchana, ikaondoka saa 9 kasoro robo, ikafika Goma saa 9 na dakika 35. Kweli, dakika 50, haikuongeza hata moja. Lakini kijana aliwekwa mezani kwa mpasuaji saa 11 jioni. Tangu jiwe lianguke mpaka pale ni masaa 31. Mguu ulikuwa umekufa. Walimkata chini ya goti, na walifanya vema, maana vingine angekufa yeye mwenyewe.

Mpasuaji aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: «Ulipoushika mguu jana, ulikuwa wa moto au baridi?» Ulikuwa baridi. Niliushika kwa mkono wangu huu, nikafikiri ni baridi ya mvua. Kumbe mfupa uliovunjika ulikuwa umebana mshipa wa damu, na nyama ya mguu ikikosa damu masaa 6 hivi huanza kufa. Tulipofika Butembo tulikuwa bado na masaa 3 mkononi. Na jambo lililoniumiza zaidi nililijua baadaye: jioni ileile, katika hospitali nyingine ya Butembo, mpasuaji alikuwa kazini. Hakuna mtu aliyepiga simu kumwuliza. Mimi nami sikupiga, niliona haya kuwasumbua wakubwa.

Basi somo la kwanza nililojifunza, nawapa bila malipo. Mwenzako akivunjika mkono au mguu, mkiisha kumtoa mahali pa hatari, vueni kiatu na soksi. Shika miguu yote miwili kwa wakati mmoja, mmoja kwa mkono wa kuume, mmoja kwa mkono wa kushoto. Je, ule ulioumia ni baridi kuliko mwenzake? Ngozi imekuwa nyeupe, au ya rangi ya majivu? Mwambie achezeshe vidole. Mguse kidole gumba, umwulize kama anasikia. Ukiona ubaridi au ganzi, mwambie dereva na mwambie munganga: «Mguu wake ni baridi tangu saa fulani.» Andika saa ile kwenye karatasi, au kwa kalamu juu ya ngozi yake. Mgonjwa wa namna hiyo hapelekwi mbali kutafuta hospitali yenye sifa. Anapelekwa kwa mpasuaji aliye karibu, leo, sasa hivi.

Damu inayoruka nayo ina saa yake, na ni fupi kuliko zote. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa kabla ya dakika 5. Ndege ya dakika 9 itamkuta maiti. Hapo munganga ni wewe uliye karibu naye, hata kama hujasoma. Kandamiza kidonda kwa kitambaa na kwa uzito wa mwili wako wote, usiachilie kuchungulia. Isipokoma, na kidonda ni cha mkono au mguu, funga mkanda mpana juu ya kidonda, si juu ya goti wala kiko, kaza kwa kijiti mpaka damu ikome, na andika saa. Mkanda ule usilegezwe njiani na mtu yeyote kwa huruma. Mgonjwa atalia kwamba unauma. Ni kweli unauma.

Kuhusu kubeba, mimi napenda machela yetu ya zamani, kipoyi cha miti miwili na blanketi, kuliko pikipiki. Wamotari wetu ni hodari, sisemi neno baya juu yao. Wameokoa wengi wenye homa. Lakini mtu aliyeangukiwa na mawe mgongoni au shingoni, ukimketisha kwenye pikipiki kati ya watu wawili, kila shimo la barabara linaweza kumalizia kazi ambayo jiwe liliacha. Mlaze juu ya ubao, mfunge asigeuke, mwende polepole. Masaa mawili ya polepole ni afadhali kuliko dakika 40 za kumfanya kiwete.

Kapita aliniuliza tena: «Basi ndege haina faida?» Ina faida, papa, kwa safari ndefu na kwa mgonjwa aliyekwisha kutulizwa. Kutoka Beni mpaka Kinshasa kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilometa 1,600. Hakuna gari la kukupeleka kule kwa siku moja wala kwa juma moja. Ndege kubwa inaruka kwa masaa 2 na kitu. Na jihadhari na saa yako: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Beni saa 6 mchana, ukasafiri masaa 2, utakuta saa za Kinshasa zinasema saa 7. Hukupata saa ya bure! Mwenye kisukari anayejidunga dawa, au mwenye vidonge vya kifafa, ahesabu kwa saa ya nyumbani siku ile ya safari, asije akachelewesha dawa kwa kutazama saa ya ukutani.

Lakini si kila mgonjwa anafaa kwenda juu. Mnajua jambo hili kwa macho: pakiti ya biskuti uliyoinunua Beni, ukifika nayo Butembo imevimba kidogo. Hakuna mtu aliyeipuliza. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu, na hewa iliyofungiwa ndani inatanuka. Ndege ndogo zetu nyingi hazina namna ya kushindilia hewa ndani, nazo hupita juu ya milima, meta 3,000 au zaidi. Mtu aliyevunjika mbavu shimoni, hewa ikavuja ndani ya kifua chake, huko juu hewa ile itatanuka kama ya biskuti, itabana pafu mpaka akose pumzi. Mtu wa namna hiyo asipande ndege kabla munganga hajamtoa hewa ile. Aliyefungwa plasta nzima jana, plasta ile ipasuliwe kwa urefu kwanza, maana mguu huvimba. Aliyepasuliwa tumbo siku hizi hizi amwulize mpasuaji wake. Mara nyingi atamwambia angoje siku kama 10. Mwenye upungufu mkubwa wa damu apewe damu kwanza, kwa maana huko juu hewa ni nyepesi, na damu yake kidogo haitaweza kuibeba. Mtoto mchanga mpe titi ndege inapopanda na inaposhuka, masikio yake yasimwume. Ninyi wakubwa, mezeni mate.

Na mama mwenye mimba? Makampuni mengi ya ndege humkataa akipita majuma 36. Wasiwalaumu. Kujifungua katikati ya mawingu si hadithi ya kuchekesha kwa yule anayejifungua.

Basi hapa tulirudi kwa bibi yake kapita. Mama aliyepasuliwa mara ya kwanza asingoje uchungu uanze kambini. Kovu lile linaweza kupasuka. Na mama yeyote, hata aliyezaa mara sita bila matata, akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika masaa 2. Pima masaa 2 hayo kwa barabara yetu ya kutoka kambini mpaka Butembo, uone yanakufikisha wapi. Ndiyo maana nilimwambia kapita: usitafute ndege, tafuta shangazi. Je, una ndugu Butembo karibu na Kitatumba, au Matanda, au Katwa? Au Beni karibu na hospitali kuu? Anaye, dada ya mama yake. Mama ahamie kwake majuma matatu au manne kabla ya siku. Mchele na maharagwe ya majuma manne ni bei ndogo kuliko tiketi, na kutoka pale mpaka kitanda cha hospitali atatembea kwa miguu.

Kapita alinyamaza kidogo. Akasema nyumbani watu wataona kama amemfukuza bibi yake. Nikamwambia awaeleze masaa, kama nilivyomweleza yeye. Wazee wetu wanaelewa masaa vizuri, walitembea kwa miguu maisha yao yote.

Jambo lingine la barabara hii sharti niliseme, ingawa wengine hawapendi kulisikia. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wameuawa katika upande wa Beni. Ukipiga hesabu ya masaa, weka na usiku ndani yake. Mgonjwa aliyeanza kuharisha damu saa 9 mchana, ukasema «tutamtazama kesho», umempa masaa 15, si kesho. Amua kabla jua halijashuka. Uliza habari za njia kwa wanaotoka kule siku ileile, si kwa waliopita juzi. Na usiweke matumaini yote kwenye njia moja. Sisi tuliweka yote kwa Goma. Januari 2025 vita ilipoingia Goma, uwanja wa ndege ukafungwa, na mpango wote tuliouzoea ukavunjika kwa siku moja.

Safari hupeleka magonjwa pia. Mnakumbuka Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Ilichukua watu 2,287, wengi wao wa huku kwetu, Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Julai 2019 msafiri mmoja aliyekuwa mgonjwa alitoka Butembo kwa basi tarehe 12, akafika Goma tarehe 14. Siku mbili ndani ya basi pamoja na wengine! Abiria wenzake wote ilibidi watafutwe mmoja mmoja. Kwa hiyo ukikuta kizuizi cha kunawa mikono na cha kupimwa homa barabarani au uwanjani, usipite pembeni kwa kusema unachelewa. Na ukiwa na homa na kutapika, usipande gari la watu wengi. Tuite sisi kwanza.

Sasa fanyeni kazi hii ndogo Jumapili hii, kila nyumba. Chukueni karatasi. Andikeni namba ya simu ya dispensari, ya dereva wa ambulansi, na ya hospitali mbili, moja ya Butembo na moja ya Beni. Kando ya kila hospitali andikeni masaa, siku ya jua na siku ya mvua. Kabla ya kumwondoa mgonjwa, pigeni simu mkaulize mambo mawili: mpasuaji yupo leo? Damu ya kumwongeza ipo? Msione haya kama mimi nilivyoona haya. Wakisema hakuna, mtakuwa hamjapoteza kitu isipokuwa uniti za simu. Bandikeni karatasi ile nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto anayejua kusoma ataiona.

Yule kijana wa mwaka 2022 anatembea leo kwa mguu wa kutengenezwa. Hashuki tena shimoni. Amepewa kazi ya kutunza taa na kofia kwenye mlango wa shimo, na yeye ndiye anayeandika kitabu cha ambulansi: saa ya ajali, saa ya kutoka, saa ya kufika. Nikienda kuchukua mgonjwa hanisalimu kwanza. Ananiuliza: «Munganga, mguu wa moto au baridi?» Kisha anachukua kalamu.